Watu Wanne wa Kusukuma

Jumamosi asubuhi Tauno Hietakangas alinunua skonzi za iliki ishirini na nne, na mwenye duka la kijiji chetu, Kurkineva, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa amezoea kumuuzia mkate mmoja na pakiti ya soseji, akamtazama mara mbili. Hakuuliza kitu. Kwetu mtu haulizwi habari za mikate yake.

Nyumbani akapika supu ya samaki na viazi katika sufuria kubwa, ile ambayo hakuwa ameigusa tangu mkewe Raija aondoke. Akatandika kitambaa mezani. Akapanga vikombe kumi na viwili, kisha akaona kumi na viwili ni kujikweza, akaondoa vinne, halafu akavirudisha. Waliohitajika walikuwa wanne tu. Lakini wanne wakija watakuja na wake zao, na lazima atakuwepo mzee mmoja wa kutoa ushauri ambao hakuombwa, maana huku hakuna kazi ya mikono isiyo na mzee wa namna hiyo.

Halafu akakaa akitazama dirishani kama mwari aliyeposwa. Alikuwa na miaka hamsini na saba, fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, mikono yake imejaa makovu madogo ya kuchomelea vyuma, na alikuwa na hofu.

Hofu yenyewe ilitokana na gari. Ilikuwa Datsun ya mwaka 1972, ya milango miwili na pua ndefu, ambayo Tauno aliikuta katika banda la mkulima mmoja kuku wakitaga juu ya kiti cha dereva. Ukiiona leo utabisha. Madigadi aliyapanua kwa nyundo, siku baada ya siku, hadi gari likawa na mapaja. Injini ya zamani aliing'oa akaweka nyingine yenye turbo mbili, na ilipokataa kuenea akakata bati la mbele akalijenga upya. Rangi ilimla majira matatu ya baridi. Ni rangi ya shaba, ukiitazama kivulini utasema kahawia, jua likiipiga utarudi nyuma hatua moja. Kiti alikivisha ngozi aliyoishona mwenyewe kwa cherehani aliyoiacha Raija. Nasema kiti, sisemi viti, kwa sababu cha abiria alikitoa ili kupunguza uzito.

Mwezi wa nne mwaka huo aliipeleka Helsinki, juu ya trela, kwenye maonyesho makubwa ya magari. Majaji walipita na vioo na tochi, wakachungulia chini ya gari kama madaktari wa meno, na hawakuona nati moja iliyokaa vibaya. Wenzake walikuja na vikundi, na mahema, na fulana za rangi moja, na majiko ya kuchomea soseji. Tauno alikuja na kiti cha kukunja. Lilipotajwa jina la gari bora la mwaka, mtangazaji akasema kwa furaha, "Timu nzima ipande jukwaani!" na Tauno, Mungu amsamehe, akageuka akatazama nyuma yake.

Wiki chache baadaye simu ikalia. Alikuwa Sirkku Palander, mpiga picha wa jarida la magari, mwanamke wa Vaasa mwenye maneno mengi kwa dakika kuliko Kurkineva yote kwa wiki.

"Kaka Tauno, hongera. Sasa nisikilize. Mwezi wa tisa nataka kukuweka kwenye jalada, na jaladani nataka gari linakimbia."

"Haliruhusiwi barabarani. Bado halijapita ukaguzi."

"Nani kasema litakimbia? Litasukumwa."

Akamweleza. Kamera hufungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu, na fimbo yenyewe hushikizwa kwenye bati la gari kwa vikombe vya mpira vinavyonyonya. Injini inazimwa, kwa sababu mtetemo wake ungeharibu kila kitu. Watu wanalisukuma gari taratibu, mwendo wa mtu anayekwenda kanisani, na kamera inaacha jicho lake wazi kwa sekunde kadhaa. Gari linatoka kali na barabara inatoka kama maji yanayokwenda kasi. Fimbo inafutwa baadaye kwenye kompyuta.

"Kwa hiyo yale magari yote ya jaladani," Tauno akasema polepole, "yanasukumwa?"

"Yote, kaka. Usimwambie mtu. Una watu wanne wa kusukuma?"



"Ninao," Tauno akasema.

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa miaka mingi, na si kwamba alikuwa mkweli kupita wengine. Hakuwa na mtu wa kumdanganya.

Watu aliwahi kuwa nao. Kulikuwa na Ensio, jirani yake wa ng'ambo ya shamba la shayiri, aliyesoma naye, akaenda naye jeshini, akavua naye samaki kwenye tundu la barafu kila mwezi wa tatu. Majira ya kwanza ya baridi Ensio alikuja gereji karibu kila jioni, akakaa juu ya pipa la oili, akaongea, na Tauno akaitikia "mm" kutoka chini ya gari. Jioni moja Tauno akasema, "Ensio, leo nina kazi inayotaka utulivu." Ensio akasema, "Aha," akaenda zake. Wiki iliyofuata ikawa hivyo tena. Majira ya tatu ya baridi juu ya pipa lile yalikaa makopo ya rangi.

Halafu ikaja siku ya paa la Ensio. Huku kwetu msaada hauombwi kwa kuombwa. Mtu hutaja siku na kazi, akanyamaza, na wenye masikio huja. Ensio alisema dukani, "Jumamosi bati linapanda," basi, na Jumamosi watu kumi na wanne wakafika na nyundo zao, na Aune, mke wa Ensio, akawalisha hadi wakashindwa kuinama. Tauno hakwenda. Siku hiyo alikuwa na mabomba ya breki, na mabomba ya breki yangeweza kungoja, lakini hakuyangojesha. Alizisikia nyundo mchana kutwa kupitia mlango wa gereji na akaongeza sauti ya redio.

Na Raija. Raija hakugombana naye, maana kugombana kunataka watu wawili. Jumapili moja alisimama mlangoni mwa gereji na sanduku lake, akangoja kwa adabu hadi Tauno amalize kuchomelea. Tauno akainua kinyago.

"Natoka, Tauno," Raija akasema.

"Ukirudi niletee maziwa," Tauno akasema, akashusha kinyago.

Maziwa alikwenda kuyanunua mwenyewe siku ya Jumatano, alipoelewa. Nimeisimulia habari hii kwa watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini Tauno mwenyewe akiikumbuka huacha alichoshika mkononi na kukaa chini.

Ndiyo maana ile "ninao" ilimkalia kooni majira yote ya joto. Jalada halikumsumbua sana. Kombe alikuwa nalo, limekaa juu ya friji. Kilichomkosesha usingizi ni wale wanne. Alitaka kujua kama bado kuna watu wanne duniani ambao wangekuja kwa ajili yake, na alijua kuwa jibu atalipata siku moja, saa moja, mbele ya mgeni.

Siku nane kabla ya picha akapiga moyo konde. Akaenda kituo cha mafuta, kwenye meza ya dirishani ambako wanaume wa Kurkineva hunywa kahawa kila asubuhi, akakaa pembeni. Ensio alikuwepo, na ndugu wawili wa Ojala, na mwenye duka. Wakampisha. Robo saa ilipita bila mtu kusema neno, na kwa hesabu zetu hayo yalikuwa mazungumzo mazuri tu.

"Jumamosi ijayo wanakuja kupiga picha gari," Tauno akasema, akikiambia kikombe chake.

"Aha," Ensio akasema.

"Saa kumi na mbili. Barabara ya mashambani, mbele ya kwangu."

"Aha."

"Ni kazi. Itachukua jioni nzima."

Ensio akazungusha kijiko. Akawatazama ndugu wa Ojala, nao wakatikisa vichwa kukubali, kidogo sana, kama ng'ombe anayefukuza nzi mmoja.

"Tumekusikia," akasema.

Tauno aliendesha kurudi nyumbani akiimba, yeye ambaye hata kanisani hufungua mdomo tu. Alikuwa ametaja siku, ametaja kazi, na akajibiwa kwamba amesikiwa. Hivyo ndivyo mambo hufanyika. Alipofika akafagia gereji, akaondoa makopo ya rangi juu ya pipa la oili, akalifuta pipa kwa kitambaa.

Sirkku alifika saa kumi na moja na gari lake dogo la mizigo, amevaa buti za mpira na koti lenye mifuko ishirini. Akaizunguka Datsun mara mbili bila kusema kitu. Kwa mtu kama yeye ulikuwa ukimya mrefu.

"Mungu wangu," akasema mwishowe. "Kaka, umelifanya peke yako?"

"Ndiyo."

Akachungulia ndani. "Na kiti cha mwenzio kiko wapi?"

"Kilikuwa na kilo kumi na nne."

"Na mwenzio?"

Tauno akafuta kioo cha mlango kwa mkono wa shati, na Sirkku, ambaye hakuwa mjinga, akaanza kufungua masanduku yake. Akashikiza vile vikombe vya mpira kwenye bati, na kila kimoja kiliponyonya rangi Tauno alijikunja kana kwamba kimemng'ata yeye. Fimbo ikatoka mita nne mbele ya gari, kamera ikaning'inia kwenye ncha. Jua lilikuwa limeshuka hadi juu ya mstari wa misitu, na shayiri yote ikawa rangi moja na gari.

"Mwanga huu ninao kwa saa moja na nusu," Sirkku akasema. "Watu wako wanakuja saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Safi. Mara ya mwisho, kule Tampere, walikuja kumi na saba. Wakagombania nani asukume wapi! Mmoja kajificha ndani ya buti la gari, eti anataka aonekane jaladani, hata kama ni kidole." Akacheka. Tauno naye akacheka, akaitazama barabara.

Barabara ya mashambani kwetu imenyooka kama uzi, kilomita mbili, na kila mwisho wake una njia panda. Mtu akija unamwona tangu akiwa nukta. Saa kumi na mbili hapakuwa na nukta. Saa kumi na mbili na robo hapakuwa na nukta. Tauno akasema saa ya jikoni kwake huenda mbele kidogo. Sirkku akaitazama simu yake.

Hata magari ya kawaida hayakupita. Kila Jumamosi jioni lori la maziwa lilipita hapo, na vijana wa pikipiki, na Aune kwa baiskeli akitoka kwa dada yake. Siku hiyo hakupita hata paka. Tauno alielewa, au alidhani ameelewa. Si kwamba walisahau. Mtu akisahau hupita kwa bahati mbaya. Hawa walikuwa wameamua, kijiji kizima, na wamechagua njia nyingine ili wasimtazame usoni. Alihisi uso wake unawaka moto, na chini ya moto ule kulikuwa na kitu baridi ambacho kilisema: haki yao.

Saa kumi na mbili na nusu Sirkku akaja kusimama karibu naye.

"Kaka Tauno. Wanakuja?"

"Hapana," Tauno akasema. Kisha akaongeza, kwa sababu tayari alikuwa ameanza kusema kweli na hakujua pa kuishia, "Sina watu. Nilisema ninao. Sina."

Sirkku akamtazama, kisha akalitazama jua.

"Hilo dude lina uzito gani?"

"Kilo elfu moja na themanini na mbili."

"Bila kiti cha mwenzio."

"Bila."

"Nimesukuma gari la baba yangu kila asubuhi ya baridi hadi nilipoolewa," Sirkku akasema, akavua koti. "Ingia ukamate usukani. Rimoti ninayo mkononi. Na kaka, ukigusa breki bila mimi kusema, nitakuzika kwenye shayiri hii."

Mara ya kwanza gari halikusogea. Mara ya pili lilisogea, likaenda mita kumi, Sirkku akateleza akaanguka kwa magoti, akamtukana Datsun na wazazi wake wote. Mara ya tatu upepo ukaitikisa fimbo. Tauno alikaa katika kiti chake kimoja, mikono kwenye usukani, na katika kioo akaona kichwa cha mwanamke yule kikipanda na kushuka nyuma ya gari, nywele zimemganda usoni. Alitaka kutoka akasukume yeye. Lakini usukani ulihitaji mtu, na watu walikuwa wawili. Miaka kumi na moja alikuwa amejenga kitu ambacho mtu mmoja hawezi hata kukipiga picha, na hakuwahi kuliona hilo hadi jioni hiyo. Machozi yakamjia, akayaacha yatoke, maana kamera ilikuwa mbali na Sirkku alikuwa nyuma.

Mara ya sita ilikubali. Gari lilianza kwenda laini, tairi zikinong'ona juu ya lami, na Sirkku akaguta, "Shikilia, shikilia, shikilia," kisha akakaa chini barabarani akihema.

"Bahati tuliyo nayo leo," akasema, "sijawahi kuiona. Saa mbili nzima, hakuna gari lililopita."

"Jumamosi," Tauno akasema. "Watu wako majumbani."

Akamwonyesha picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Shayiri ilikuwa imegeuka moshi wa dhahabu, lami imekuwa mistari, na Datsun ilikuwa inaruka, kali na tulivu, kama inakwenda kilomita mia mbili kwa saa. Ndani yake kulikuwa na mtu mmoja anayetazama mbele. Hakuna jicho ambalo lingejua kwamba nyuma ya gari lile kuna mwanamke mmoja mwenye magoti yaliyochubuka. Sirkku alisema ni picha bora aliyopiga mwaka huo. Tauno akasema ni nzuri, na ilikuwa nzuri.

Wakalirudisha gari gereji. Sirkku akala supu bakuli mbili na skonzi tatu akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa na safari ndefu, na akajifanya haoni vikombe kumi vilivyobaki. Akamshika Tauno begani, akaondoka. Giza lilikuwa linaanza kuingia.

Dakika tano baadaye taa za gari lake zikarudi uani. Akashusha kioo, uso wake haujulikani kama anacheka au amekasirika.

"Kaka Tauno, panda."

"Kuna nini?"

"Watu wako. Wako kule njia panda. Wamefunga barabara!"

Trekta la Ensio lilikuwa limekingama nyuma ya miti ya njia panda, pasipoonekana kutoka kwa Tauno, kutoka mtaro hadi mtaro, taa zake za onyo zikizunguka. Kwenye tairi kubwa lilikuwa limeegemezwa boksi lililokatwa, limeandikwa kwa rangi ya kupaka maghala: NJIA IMEFUNGWA. PICHA. Aune alikuwa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini. Ndugu wa Ojala walikuwa wamesimama kando, mikono mifukoni. Kule njia panda ya pili, Sirkku alikuwa ameambiwa, yuko mwenye duka na wengine watatu. Walikuwa hapo tangu saa kumi na moja na nusu.

Sirkku akamshusha Tauno. Akafungua mdomo awaambie wale watu jambo, Tauno akamtazama, akaufunga. Ndugu wa Ojala wakasogeza boksi, trekta likarudi nyuma kidogo, naye akapita akaenda zake Vaasa.

"Zimekwisha?" Ensio akauliza.

"Zimekwisha."

"Lori la maziwa tumeligeuza. Na wale wa pikipiki. Mmoja kaleta matusi, Aune kamjibu."

"Alistahili," Aune akasema.

"Kuna aliyepenya akakusumbua?"

Tauno akawatazama mmoja mmoja. Pua zao zilikuwa nyekundu kwa baridi. Wanne walikuwa hapa, wanne kule.

"Hapana," akasema. "Hata mmoja."

"Basi vizuri." Ensio alifurahi kweli, mabega yakamshuka kama mtu aliyetua mzigo. "Niliwaambia hawa. Tauno akisema ni kazi ya jioni nzima, maana yake anataka jioni nzima. Tunakujua, bwana. Ukiwa na kazi yako hutaki watu."

Tauno alitaka kusema kitu. Alitaka kusema kwamba alikuwa amefuta pipa.

"Kahawa ipo," akasema badala yake.

"Aa, usijisumbue," Ensio akasema.

"Na skonzi zipo. Na supu."

"Tumekula nyumbani. Na saa zimekwenda."

Sasa, kwetu mtu akikaribishwa hukataa mara mbili. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, anayekubali mara ya pili hakulelewa, na mara ya tatu unasema "basi kidogo tu" na unaingia ndani ukae hadi kahawa iishe. Mtoto wa miaka mitano anaijua hesabu hiyo. Ensio alikuwa amevua kofia, ameishika mkononi. Aune alikuwa amekunja blanketi lakini hakuinuka kitini. Ndugu wa Ojala walitazama viatu vyao. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanangoja, watu wanne, barabarani, kwa subira yote.

Lakini Tauno alikuwa nje ya mambo hayo kwa miaka kumi na moja, na hapana mbili zilimtosha. Akaona wamekataa. Akaona wametimiza ujirani wao kwa mbali, kama alivyowafundisha, na zaidi ya hapo hana haki ya kuwadai.

"Haya basi," akasema. "Asanteni sana."

Ensio akaitazama kofia yake, akaivaa. Aune akainuka, akakunja kiti polepole mno.

"Lala salama, Tauno," akasema. "Hatutakusumbua."

Trekta likanguruma. Ndugu wa Ojala wakapanda nyuma, Aune akakaa kando ya mumewe, wakaondoka na boksi lao, taa za onyo zikizunguka hadi zilipokunja kona ya shamba. Tauno akaanza kurudi kwake kwa miguu. Alikuwa amefika karibu na banda la nyasi, nusu ya njia, mguu mmoja mbele, ndipo akasimama. Akahesabu kwa vidole, kidole gumba, kidole cha shahada. Akageuka.

Ng'ambo ya shamba taa ya jikoni kwa Ensio iliwaka. Kivuli kimoja kikapita dirishani, kisha cha pili, kisha pazia likavutwa.

"Kahawa ipo," Tauno akasema mara ya tatu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani aliye mbele yake, na barabara ilikuwa tupu pande zote mbili.